Kliniki ya watoto Houston: daktari aliyeuliza bastola ya mume wangu inakaa wapi

Naandika haya kwa kina mama wenzangu tunaozaa huku Texas, hasa sisi wa kusini-magharibi mwa Houston, ambako hukosi kusikia Kiswahili kwenye ngazi za nyumba, kiwe cha Tanga kama changu, cha Mombasa au cha Bukavu. Tangu binti yangu azaliwe nimempeleka kliniki mbili. Majina siyataji. Ya kwanza nina malalamiko nayo. Ya pili naipenda, ila ina kosa moja ambalo wenyewe nimeshawaambia ana kwa ana. Nitakalolisimulia zaidi ni swali wanaloulizwa wazazi wenye mtoto mchanga, la bunduki nyumbani, kwa sababu nimeulizwa kliniki zote mbili na namna nilivyoulizwa haikufanana hata kidogo.

Kliniki ya kwanza tuliichagua kwa ukaribu. Mtoto alikuwa na siku tano, mshono wangu haujapona, nimekaa upande mmoja kwenye kiti cha plastiki. Kijana wa mapokezi akawa anatusomea maswali kutoka kwenye kompyuta, Kiingereza cha haraka, na nyuma yetu watu wamepanga foleni. Nani anavuta sigara nyumbani? Mna mbwa? Mna bunduki? Mume wangu alikuwa amesimama na kiti cha mtoto mkononi, akajibu "Hakuna" kabla sijafungua mdomo. Kijana akabofya, akaendelea na namba ya simu ya ndugu wa kupigiwa kukitokea dharura. Daktari alipoingia hakuligusia tena. Nadhani aliona jibu limeshaandikwa.

Na jibu halikuwa kweli. Baba Nasri ni mlinzi wa usiku kwenye ghala, mlinzi anayebeba silaha, mwenye leseni ya kazi hiyo kutoka jimboni, na bastola ni yake mwenyewe. Aliinunua dukani kihalali. Ana karatasi zake za ukaazi wa kudumu, hana cha kuficha. Lakini tulipoingia kwenye gari aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba kiti cha nyuma kuna mtu mwingine zaidi ya mtoto: "Mama Nasri, hawa wanatuandika. Utasikia kesho wamekuja kuchukua watoto."

Simlaumu. Sisi tumekulia Korogwe. Bunduki nilizoziona utotoni ni za askari wa benki, na ya bwana nyamapori aliyeitwa kijijini kwa bibi wakati nguruwe walipomaliza mihogo. Raia mwenye bunduki yake alikuwa mtu wa kuhesabika. Ukisikia watu wa serikali wanauliza habari za silaha nyumba kwa nyumba, ujue kuna msako. Mtu aliyekua hivyo, leo anaulizwa mbele ya foleni na kijana asiyemtazama usoni, atajibu nini kingine? Hapo ndipo lilipo lalamiko langu na kliniki ile. Swali waliuliza, lakini walivyouliza walijihakikishia wataambiwa uongo.

Tulihama kwa sababu ya lugha. Kiingereza changu kinanitosha kazini, maana nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, najua kusema geuka, meza dawa, unaumwa wapi. Hakinitoshi kueleza mwili wangu mwenyewe wala moyo wangu. Rafiki yangu Mkongomani akaniambia iko kliniki wanaleta mkalimani wa Kiswahili kwenye skrini, bure. Wengi wetu hatujui kwamba hilo si fadhila. Sheria ya huku inazitaka kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mkalimani bila malipo mgonjwa asiyejiweza kwa Kiingereza. Ukipiga simu kuweka miadi sema mapema kwamba unataka Kiswahili, na usikubali mtoto wako wa darasa la pili akutafsirie.

Miadi ya miezi miwili ndiyo iliyobadilisha mambo nyumbani kwangu.

Tulikwenda watatu, mimi, Nasri wa miaka mitano na mdogo wake. Baba yao alikuwa amelala baada ya zamu. Kabla ya daktari walinipa karatasi mbili za Kiswahili. Moja ilikuwa na maswali kumi kuhusu hali ya mama, yale wanayoulizwa wanawake waliojifungua nchi nyingi tangu yalipotungwa huko Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987: umeweza kucheka, umekosa usingizi kwa huzuni, umelia. Ya pili ilikuwa ya usalama wa nyumba. Humo palikuwa na mstari: "Je, kuna bunduki nyumbani?" Nikatia alama kwenye "Hapana".

Naapa sikuwa nadanganya. Kwangu mimi bunduki ni ile ndefu ya begani, ya mwanajeshi au ya mwindaji. Kitu cha Baba Nasri ni bastola. Aliyetafsiri karatasi ile alichukua neno moja la Kiingereza linalobeba zote akaliweka bunduki, na kwenye kamusi hakukosea. Kwa mama aliyepata usingizi wa saa mbili tu usiku kucha, anayejaza fomu mtoto yuko titini, amekosea. Na angeandika "silaha" tu ningewaza panga la kukatia nyasi lililoko nje kibarazani.

Muuguzi akampima mtoto akiwa hana nguo: pauni 11 na nusu, yaani kilo 5 na kidogo. Akapima kichwa kwa utepe. Kisha akaingia daktari, mwanamke wa makamo, akavuta kiti chake akaipa kompyuta mgongo. Kitendo kile nilikiona na nikakipenda kabla hajasema neno. Kwenye skrini akatokea mkalimani, mwanamume, na alipotamka "mutoto" nikajua ni mtu wa Kivu.

Maswali yalikuja kama maongezi. Mtoto analala chali? Analala peke yake kitandani pake? Kiti cha gari kimegeuzwa kutazama nyuma? Tangi la maji moto limewekwa nyuzi ngapi? Alishauri lisizidi 120 za Fahrenheit, sawa na 49 za Selsiasi, kwa sababu ngozi ya mtoto huungua haraka. King'ora cha moshi kinalia? Halafu, kwa sauti ile ile ya king'ora cha moshi, akasema familia nyingi anazohudumia zina silaha nyumbani, za kujilinda, za kuwinda au za kazi. Mkalimani akamwomba kwanza ruhusa, kisha akaniambia mimi: "Mama, daktari anauliza bastola ama bunduki, yoyote ile, hata ya kazi. Kama iko, inakaa wapi wakati watoto wako nyumbani?"

Swali hilo halikuwa na mlango wa kukimbilia. Hakuuliza kama ninayo, aliuliza inakaa wapi. Nikasema: "Ya baba yao. Iko juu ya kabati, ndani ya mkoba wa kazi." Ina risasi ndani? Nikasema ninavyojua ndiyo. Hakuinua nyusi. Hakugeukia kompyuta. Alimtazama Nasri, aliyekuwa amepanda kwenye kitanda cha kupimia na anachungulia kabati la dawa lililo juu yake, na mimi nikamtazama. Kiti kimoja kingemfikisha.

Nikajitetea kwamba Nasri ameshakatazwa, anajua hagusi. Daktari akasema watoto wengi wanajua, na akanitajia utafiti uliofanywa Atlanta na kuchapishwa mwaka 2001. Nilipofika nyumbani niliutafuta nikausoma. Waliwachukua wavulana wa miaka 8 hadi 12, wakawaweka wawili wawili au watatu watatu kwenye chumba ambamo bastola halisi isiyoweza kufyatua ilikuwa imefichwa kwenye droo. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliigundua, 16 kati ya hayo yakaishika, na katika makundi 10 alikuwapo aliyevuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walikuwa wameshafundishwa hatari ya silaha. Nasri ni mtoto mtiifu. Wale pia kwao walikuwa ni watoto watiifu.

Aliniambia pia jambo ambalo sikulijua, pamoja na kuishi huku muda wote huu: tangu mwaka 2020 risasi ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19 nchini Marekani, zimezipita ajali za magari. Ndiyo sababu chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinawataka madaktari wake waulize na washauri. Ushauri wenyewe ni mfupi. Kama silaha ipo nyumbani, iwe haina risasi, imefungwa kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine.

Ningeweza kuishia hapo na tathmini ingetosha. Lakini aliichukua ile karatasi ya maswali kumi.

Swali la mwisho linauliza kama wazo la kujidhuru limekujia. Nilikuwa nimetia alama kwenye "ni nadra sana", wala si kwenye "haijatokea". Niliitia haraka, nikidhani ile ni alama ya mtu mzima wa afya. Daktari alimwomba muuguzi ampeleke Nasri kuchagua stika, mlango ukafungwa, akaniuliza maana ya ile "nadra". Sijui kama ningesema kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nilisema kwamba usiku mwingine, mtoto akishanyamaza, nawaza ingekuwa vyema nisiamke tu. Mama yangu hakupata viza. Uzazi wa kwanza nilikandwa, nikapikiwa uji wa pilipili manga, nikalala arobaini nzima mtoto akiletwa kunyonya tu. Uzazi huu nimekuwa na kuta nne na mume anayelala mchana. Mkalimani alinyamaza kidogo kabla ya kutafsiri. Nililia, yeye akasubiri, daktari naye akasubiri.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la bastola halikuwa la Nasri peke yake. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya risasi Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe, na kwamba mawazo kama yangu huja kwa kishindo na hupita, hivyo kinachookoa ni kitu hatari kutokuwa karibu saa ile. Akanikutanisha siku ile ile na mshauri wa kliniki, chumba cha pili tu. Akaniandikia namba 988, ambayo ukiipiga au kuitumia ujumbe wakati wowote unapata mtu wa kuongea naye. Akaomba niende nyumbani na kufuli kabla ya jua kuzama. Naliandika hili kwa ridhaa ya Baba Nasri, na kwa sababu najua kuna mama anayesoma ambaye ametia alama kwenye "haijatokea" kwa aibu.

Kufuli wanatoa bure. Ni waya mnene uliovikwa plastiki, mwisho wake kuna kufuli dogo na funguo mbili. Vituo vingi vya polisi pia hugawa bure kupitia mpango wa Project ChildSafe, ambao umeshagawa mamilioni. Unatoa magazini, yaani kile kibebeo cha risasi, unahakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, unapitisha waya kwenye tundu la kutolea maganda na kuutoa upande wa magazini, unafunga. Bastola haiwezi tena kujaa wala kufyatuka.

Baba Nasri alipoamka nilimsimulia, akawa mkali. Aliona nimemsaliti. Alirudia yale ya kuandikwa, na akauliza daktari wa chanjo anatafuta nini kwenye kabati lake. Sikumjibu kwa takwimu. Nilimwambia nilichojibu kwenye swali la kumi. Alikaa chini sakafuni pale pale mlangoni, na kiatu kimoja mguuni. Baadaye alipanda kiti, akashusha mkoba, akatoa risasi akazihesabu, akafunga waya mwenyewe. Ufunguo mmoja aliuning'iniza kwenye funguo zake za gari, wa pili akaenda nao kazini akauacha kwenye kabati lake la huko. Hakuniambia neno, nami sikuhitaji.

Waya kwa mtu wa kazi ya kila usiku una taabu yake, nisiufiche ukweli. Wiki ya pili alishachoka kupachika na kuchomoa, na kitu kinachochosha mwishowe huachwa. Tukanunua kisanduku cha chuma cha kubofya namba, dola arobaini na kitu, tukakifunga kwa skrubu ndani ya kabati. Akirudi alfajiri anaweka, akitoka jioni anachukua. Risasi ziko kwenye kisanduku kingine, chumba kingine. Ushauri wangu kwa anayenunua: chagua chenye ufunguo wa akiba, kwa sababu betri ya chetu iliisha mwezi wa pili, na namba isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, hiyo ndiyo ya kwanza kila mtoto kujaribu. Hapa Texas, silaha inayoweza kufyatuliwa papo hapo ikifikiwa na mtoto wa chini ya miaka 17 kwa uzembe wa mwenyewe, ni kosa la jinai, na mtoto akifyatua akaua au kujeruhi vibaya, mwenye silaha anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja.

Miadi ya miezi minne alikuja mwenyewe, na swali lake alikuwa amelitunza: "Ukishaandika, serikali inaona?" Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba kinachoandikwa kinakaa kwenye faili la mgonjwa chini ya siri ile ile ya magonjwa, kwamba tangu mwaka 1986 sheria inaikataza serikali kuu kuweka daftari la wamiliki wa bunduki, na kwamba mzazi ana haki ya kukataa kujibu na mtoto bado atatibiwa. Akamsimulia ya Florida. Mwaka 2010, mji wa Ocala, mama mmoja alikataa kujibu swali hili na daktari akamwambia atafute daktari mwingine. Mwaka 2011 jimbo likapitisha sheria ya kuwazuia madaktari wasiulize ovyo. Madaktari wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Atlanta ikasema sehemu kubwa ya sheria ile inakiuka uhuru wao wa kusema. Mume wangu alipenda kwamba daktari hakuificha sehemu ya yule daktari aliyemfukuza mama. Walimaliza wakizungumza habari za zamu za usiku na maumivu ya mgongo.

Sasa lililonishinda kwa muda ni la nyumba za watu. Daktari alisema niulize popote Nasri anapokwenda kucheza. Huku wanafanya kampeni kila tarehe 21 Juni kuwahimiza wazazi waulize kabla mtoto hajaenda. Lakini muulize nani, kwetu? Sisi Idi tunakusanyika watu arobaini nyumba moja, watoto wote wanatupwa chumba cha kulala cha mwenye nyumba, juu ya makoti na mikoba ya wageni. Msibani ndiyo zaidi. Na waume zetu wengi huku ni walinzi au madereva wa malori, wanatembea na bastola kwenye gari. Kumuuliza mwenyeji ni kama kumwambia nyumba yako siiamini.

Nilianza na wifi yangu, kwa kuwa ndiye mgumu, nikijua nikimvuka yeye wengine ni rahisi. Nilimpigia siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja. Nilianza na yangu: "Wifi, kaka yako sasa bastola anaifungia kwenye sanduku, daktari wa mtoto katushauri. Na shemeji yake anaiweka wapi, maana Nasri siku hizi anapanda kila kitu?" Alinyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Ngoja nikaangalie," nikasikia kandambili zake zikienda chumbani, droo ikifunguliwa. Aliporudi sauti ilikuwa nyingine. Akaniuliza kile kisanduku nimekinunua duka gani.

Kwa hiyo daktari na mkalimani nawapa nyota zote tano, na ningekuwa nazo zaidi ningetoa. Mapokezi wanasubirisha, chukua vitafunio. Maegesho ni ya bure. Miadi yenyewe haiharakishwi, yangu ya miezi miwili ilichukua karibu saa nzima.

Nyota moja naikata kwa ile fomu. Niliwaambia kwenye miezi minne, wakanishukuru. Juzi kwenye miezi sita wamenipa ile ile, "Je, kuna bunduki nyumbani?" Nimelipigia mstari neno lile na juu yake nimeandika kwa kalamu: bastola au bunduki ya aina yoyote, hata ya kazini, na inakaa wapi. Muuguzi aliisoma kwa msaada wa mkalimani, akaipiga picha, akasema anaituma kwa wanaochapisha. Miadi ya miezi tisa ni Desemba, nitaitazama tena.